Wanamwambia Litavuta, Bwana Futi Anauliza Kama Litasimama

Saa moja na robo asubuhi, miguu miwili yenye viatu vya mpira imechomoza chini ya lori la kijivu katika yadi ya magari yaliyotumika. Mwenye miguu amelala chali huko chini, juu ya kipande cha boksi. Kila baada ya dakika mkono unatoka, unavuta futi kamba ya chuma mpaka kwenye gurudumu, kisha unairudisha. Sauti nayo inatoka, na huhitaji kuiona sura ili ujue kwamba mwenyewe ameshachoka kabla jua halijapanda.

"Breki za nyuma zilibadilishwa lini?"

"Mzee wangu, injini ya hili lori ni moto," anajibu dalali, aliyesimama pembeni na kikombe cha chai. "Ulifungie tela lenye trekta, litavuta kama halijabeba kitu."

"Sijakuuliza injini. Nimekuuliza breki."

"Na gia zake, ukizijaribu mwenyewe utazipenda."

Chini ya lori futi kamba inajikunja kwa mlio mkali, na miguu inaanza kujikokota kuja nje.

Anayetokea ni mwanamume wa miaka hamsini na saba, mwembamba, ana vumbi mgongoni na grisi kwenye sikio. Mtaani kwake wanamwita Bwana Futi, na wapo majirani waliokaa naye miaka kumi wasiojua kama ana jina lingine. Futi kamba haimtoki mfukoni. Amewahi kupima kitanda cha wageni hali yeye ndiye mgeni. Siku binti yake alipoolewa alipima mlango wa ukumbi mara mbili, kwa sababu alisikia keki ina ngazi tano.

"Hii ni mara ya kumi na moja ninaingia kwenye hizi yadi," anasema huku akijipangusa. "Mara zote kumi na moja nimeuliza swali moja. Kila mtu ananiambia litavuta. Hakuna hata mmoja anayeniambia litasimama."

Dalali anakunywa chai yake. Amekwisha kumzoea.

Bwana Futi ni dereva wa trekta. Kwa miaka kumi na tisa aliendesha matrekta ya watu wengine katika mashamba ya watu wengine, kwa mshahara ambao, kwa maneno yake, "ulikuwa unakuja ukiwa umeshakwisha". Miaka saba iliyopita alinunua lake, trekta la bluu la mtumba, na tangu hapo analimia watu kwa malipo ya ekari. Siku njema analima ekari saba. Siku mbaya analima simu: anampigia mwenye lori la kukodi, anaambiwa lori linakuja, anapiga tena, anaambiwa liko njiani, anapiga tena, haipokelewi.

Hapo ndipo kidonda chake kilipo. Trekta linajua kulima, lakini kufika shambani ni kazi nyingine. Ukiliendesha kwenye lami kwa kilomita sitini unamaliza nusu siku, tairi zinalika kama sabuni, na nyuma yako kuna msururu wa madereva wanaomtaja mama yako kwa sauti. Ukikodi lori na tela, malipo ya ekari kumi za kwanza yanaishia kwa mwenye lori, tena kama atatokea.

Msimu uliopita hakutokea. Bwana Futi alikaa siku nne kando ya barabara chini ya turubai, mvua ikinyesha, trekta likiwa limeegeshwa. Wakulima waliokuwa wakimsubiri walichoka, wakamwita mtu mwingine.

"Nilikuwa nawasikia wakilima," anasema. "Nimekaa pale, nasikia trekta la mwenzangu ng'ambo ya kilima. Niliumia sana. Siwezi kukuficha."

Mwaka huu akakata shauri: atanunua lori lake na tela lake. Na safari hii kuna jambo lisilosubiri. Kikundi cha wakulima wenye ekari mia moja na arobaini, kilomita sitini kutoka nyumbani kwake, kimempa kazi ya kulima mashamba yote. Ni kazi ya mwezi mzima, kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Katibu wa kikundi hicho, mama asiyependa maneno mengi, ametoa sharti moja tu. Trekta liwe shambani Ijumaa. Lisipofika, Jumamosi asubuhi anampigia mtu mwingine.

Leo ni Jumanne.

Ukitaka kumwona Bwana Futi akigeuka mbogo, mwulize kuhusu ushauri aliopewa.

Jirani wa kulia alimwambia anunue lori kuukuu, maana chuma cha zamani kina roho ngumu. Jirani wa kushoto alimwambia asithubutu kugusa lori kuukuu. Fundi wa kuchomelea vyuma alijitolea kumtengenezea tela yeye mwenyewe kwa wiki moja. Alipoulizwa ekseli atazitoa wapi, alisema hilo wataliona mbele ya safari. Kinyozi alizima mashine katikati ya kichwa ili amweleze vizuri habari za dizeli. Bwana Futi alimsikiliza nusu saa akiwa na nywele upande mmoja.

"Na kinyozi mwenyewe huja kazini kwa miguu," anasema.

Wengine humwuliza kwa nini asipakie trekta ndani ya lori lenyewe, aachane na tela. Amelijibu swali hilo mara nyingi mpaka sasa hulijibu akiwa amefumba macho. Bodi la lori liko juu; kulipandisha trekta hapo unahitaji tuta la udongo, na kulishusha unahitaji tuta lingine huko uendako. Tela la kubebea mitambo liko chini, karibu na ardhi. Unateremsha ngazi zake mbili za chuma, trekta linapanda na plau yake mgongoni, unafunga minyororo, basi. Bodi la lori linabaki kwa mapipa ya dizeli na haro ya kuvunjia mabonge.

Na yupo shemeji. Huyu ni kaka wa mkewe, dereva wa malori kwa miaka ishirini na mbili, na ndiye atakayeendesha lori likinunuliwa. Anachechemea mguu wa kushoto. Tangu siku ya kwanza shemeji amechagua lori lake: jekundu, kuukuu, lililotupwa mwisho wa yadi, rangi imebabuka mpaka mtu anaweza kuhesabu rangi tatu za chini. Kila wakija yadini huenda moja kwa moja kwenye lori hilo, akaomba ufunguo, akaliwasha, akaliacha lingurume dakika kadhaa, akalizima, kisha akapiga honi. Honi yake husikika mtaa wa tatu. Halafu hushuka polepole na kusema, "Hili hapa, shemeji."

"Mtu mzima mwenye wajukuu," anasema Bwana Futi, "anachagua lori kwa honi."

Mguu wa shemeji una historia, na historia hiyo ndiyo inayomlaza Bwana Futi chini ya malori ya watu. Miaka mitatu iliyopita walikodi lori na tela kulipeleka trekta shambani, shemeji akiendesha, Bwana Futi akifuata nyuma kwa pikipiki. Kwenye mteremko mrefu tela lilianza kuyumba, likalisukuma lori, likapinduka nalo mtaroni. Trekta lilitoka na mikwaruzo. Shemeji alitolewa kabini akiwa amevunjika mguu mahali pawili, na alilala miezi mitano.

Mwenye lori alisema dereva alikimbia. Bwana Futi naye alisema hivyohivyo, na amekuwa akisema tangu siku ile.

"Nilimwonya kabla hatujaondoka: mwendo, shemeji, mwendo," anasema, na sauti inapanda. "Akashuka ule mteremko kama anayekimbizwa."

Shemeji akiulizwa hutoa sentensi mbili zilezile, bila kuongeza neno. "Sikukimbia. Lilinisukuma."

Wameyarudia hayo mara nyingi kiasi kwamba mke wa Bwana Futi ameyapiga marufuku wakati wa kula.

Jumanne adhuhuri Bwana Futi alikuwa ameshafanya uamuzi. Katika daftari la kurasa mia mbili, lenye michoro ya malori ambayo mwanafunzi wa shule angeionea fahari, aliweka alama kwenye lori la kijivu na tela jepesi la ekseli mbili lenye rangi hiyohiyo. Kwenye karatasi kila kitu kiliingia. Trekta lilienea juu ya tela na kubakiza nafasi ya futi moja mbele na nyuma. Tela lenyewe lilipita kwenye geti la nyumbani kwake na kukunja kona bila kugusa nguzo.

Kulikuwa na tela lingine pale yadini, refu, lenye kutu, la kubeba tani sita, na breki kwenye magurudumu yote manne. Alilikataa kwa sababu ya geti. Kulipitisha hilo kungelazimu kubomoa nguzo moja na kuisogeza futi tatu.

"Lile geti nililijenga mimi kwa vipimo," alisema. "Silibomoi kwa ajili ya tela."

Hesabu ya uzito pia ilikuwa safi. Kibati kilichopigiliwa ubavuni mwa trekta kinasema kilo elfu mbili na mia nane. Plau ni kilo mia nne. Jumla elfu tatu na mia mbili. Tela la kijivu linabeba elfu tatu na mia tano. Akabakiwa na kilo mia tatu za kupumulia.

Lakini mtu huyu hanunui kitu kwa kuamini daftari, hata liwe lake. Akamwambia dalali kwamba hatatoa kitu mpaka lori na tela, pamoja na trekta lake juu, vipite kwenye mizani.

"Mzee wangu, watu wananunua magari kwa kuyaangalia," dalali alilalamika.

"Hata mke nilioa kwa kumwangalia. Lakini hili linakwenda kwenye mizani."

Jumatano asubuhi, mizani ya ghala la nafaka. Karani wa mizani, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anaandika uzito wa lori na tela vikiwa vitupu. Saa moja baadaye vinarudi kutoka nyumbani kwa Bwana Futi na trekta juu, minyororo imekazwa, shemeji akiendesha kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Karani anaangalia, anatoa hesabu, anasoma kwa sauti.

"Mzigo wako kilo elfu tatu mia tisa na kumi."

Bwana Futi anamwomba arudie. Karani anarudia. Ni zilezile.

"Mama, mizani yako mbovu."

"Mzee, mizani hii inapima mahindi ya wilaya nzima," anasema karani bila kukasirika, "na hakuna gunia lililowahi kunilalamikia."

Kinachofuata hakielezeki kirahisi. Bwana Futi anatoa futi kamba, anapiga magoti na kuanza kupima urefu wa mizani. Karani anamtazama, anamtazama na shemeji, kana kwamba anauliza kama mzee huyu ana mtu wa kumwangalia. Kisha Bwana Futi anachukua kipande cha bati na kubandua tope lote lililoganda kwenye plau. Zinatoka kilo kumi. Zimebaki elfu tatu na mia tisa, na tela linabeba elfu tatu na mia tano.

"Zimezidi kidogo tu," anasema dalali, aliyekuja kulinda mali yake. "Haya matela yana uvumilivu."

Shemeji amekaa kwenye ukingo wa ghala, mguu mbovu ameunyoosha. "Uvumilivu huo anao nani? Mimi siendeshi hilo."

Walirudi nyumbani, dalali naye ndani ya lori.

Mke wa Bwana Futi anauza miche. Sehemu yote kati ya nyumba na geti imejaa mifuko midogo myeusi, na kila asubuhi na jioni humwagilia mche mmojammoja kwa kopo lililotobolewa matundu. Alikuwa ameinama kwenye mstari wa mwisho mumewe alipoingia.

"Baba watoto, mbona sura hiyo?"

"Trekta limenenepa. Kilo mia saba nzima. Wewe umewahi kuona chuma kinanenepa?"

Mkewe hakuinua kichwa. "Umehesabu na maji?"

"Maji gani?"

"Uliyotia kwenye matairi. Mwaka ule wa shamba la tope. Ulichukua mpira wangu wa maji ukasema utaurudisha jioni. Huu ni mwaka wa tano, namwagilia kwa kopo."

Kwa msomaji asiyejua mambo ya matrekta: kwenye udongo mzito magurudumu ya nyuma hukosa mshiko na kuzunguka pale pale. Dawa yake ni kuyajaza maji. Unaingiza mpira kwenye tundu la kujazia upepo, unajaza robo tatu ya tairi, na trekta linapata uzito wa kung'ang'ania ardhi. Maji hayaonekani, hayamwagiki, hayapigi kelele. Yanakaa humo miaka. Na kibati kilichoko ubavuni hakijui habari zake, maana kiliandikwa kiwandani, tairi zikiwa na upepo mtupu.

Bwana Futi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafungua daftari. Lita mia tatu na thelathini kila tairi. Matairi mawili, lita mia sita na sitini, na kila lita ni kilo. Dizeli iliyomo ndani ya tangi ikamaliza deni la hesabu.

"Mimi," alisema. "Mimi ninayepima vitanda vya watu."

Mkewe alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu mumewe alikuwa ameanza kuhesabu tena, safari hii kwa vidole. Maji yaliingia miaka mitano iliyopita. Ajali ilitokea miaka mitatu iliyopita. Siku ile mwenye lori la kukodi alimwuliza mzigo una uzito gani, ili achague tela. Bwana Futi alimsomea kibati.

Shemeji alikuwa getini, akifungua minyororo ya tela.

"Usiniangalie mimi," mkewe alisema taratibu. "Mwenyewe yule pale."

Ni hatua ishirini na mbili kutoka kwenye ile ndoo hadi getini, amezipima zamani. Bwana Futi anasema hajawahi kutembea hatua ndefu kama zile, na kwamba aibu aliyoisikia ilikuwa kama ya mtoto aliyekojoa darasani.

"Shemeji."

"Naam."

"Siku ile. Lilikusukuma."

"Nimekuambia miaka mitatu."

"Lilikuwa na maji kwenye matairi. Niliyatia mimi, nikasahau. Uzito niliomwambia yule mwenye lori haukuwa wa kweli. Tela lilizidiwa tangu tunaondoka."

Shemeji aliendelea kukunja mnyororo mpaka ukaisha. Akauweka chini.

"Kwa hiyo sikukimbia."

"Hukukimbia. Nisamehe, shemeji."

"Basi mwambie na mama."

Mama huyo ni mama mzazi wa shemeji na dada yake, mkwe wa Bwana Futi. Kwa miaka mitatu, kila mwanawe akienda kumsalimia, amekuwa akimsindikiza mpaka nje na kumwambia, mwanangu, usikimbie. Shemeji hakuwahi kumbishia. Alikuwa akiitika na kuondoka akichechemea.

"Nitamwambia," alisema Bwana Futi.

"Leo."

Akatoa simu pale pale. Mtu mzima anapompigia mkwewe kukiri kosa hujikuta amesimama wima hata kama yuko peke yake. Bwana Futi alivua kofia. Akaamkia, akauliza hali ya magoti, akaeleza habari ya maji kuanzia mwanzo, na alipofika kwenye neno "mimi" ikabidi aanze tena.

"Na mimi nimemsema mwanangu miaka yote hii," mkwewe alisema. "Mpe simu niongee naye."

Walichozungumza mama na mwanawe hakimhusu msomaji. Shemeji aliporudisha simu macho yake yalikuwa mekundu, na alijifanya anatafuta kitu kwenye minyororo.

Dalali, ambaye muda wote alikuwa amekaa ndani ya lori la kijivu akisubiri biashara yake, aliona hapo ndipo pa kuingilia. Akashauri maji yamwagwe, mzigo upungue, mambo yaishe. Bwana Futi alimweleza kwa uvumilivu ambao hakujua anao kwamba mashamba ya kile kikundi ni ya udongo uleule mzito, na kwamba kumwaga na kujaza upya kunakula siku nzima kila safari.

"Hata yakimwagwa," shemeji aliongeza, "tela hili lina breki ekseli moja tu. Nililiona juzi."

Bwana Futi akamgeukia. Ndipo, baada ya safari kumi na moja za yadini, akamwuliza shemeji swali alilokuwa akiwauliza madalali.

"Lile jekundu. Kwa nini unalitaka?"

"Linasimama."

"Na honi je?"

"Honi yake inalizwa na upepo. Breki zake pia ni za upepo, na tangi ni lilelile. Naliwasha, nasubiri upepo ujae, nalizima, kisha napiga honi. Ikilia sawasawa mpaka mwisho, najua upepo umekaa, hauvuji. Nimelipigisha honi siku zote hizo. Halijapunguza sauti hata siku moja."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?"

Mkewe alikuwa na jibu, lakini kwa heshima ya ndoa alilimeza.

Alhamisi saa tatu asubuhi dalali alipewa ufunguo wa lori la kijivu mkononi na kuombwa wa jekundu. Alijaribu kuzungumzia injini. Hakuna aliyemsikiliza. Bwana Futi alilala tena chini ya lori, lakini safari hii shemeji alilala ubavuni pake, na aliyekuwa akinyoosha kidole ni shemeji. Lori jekundu, kwa ubaya wa sura yake, lilikuwa rahisi kuliko la kijivu. Tofauti ikaenda kwenye lile tela refu la kutu, la tani sita, lenye breki magurudumu yote manne. Akiba ya miaka saba ikaisha pale yadini, ikabaki ya dizeli.

Walipakia trekta juu yake, wakalipitisha lori kwenye mizani. Elfu tatu na mia tisa, juu ya tela la tani sita. Kisha shemeji akaliendesha hadi kwenye mteremko mdogo nyuma ya ghala na kukanyaga breki mara tatu. Mara zote tatu lilisimama palepale, trekta halikutikisika. Bwana Futi alikuwa amesimama pembeni ameshika kichwa kwa mikono miwili, na aliishusha mikono baada ya mara ya tatu.

"Leo huipimi mizani yangu, mzee?" karani alimwuliza walipokuwa wakiondoka.

"Leo nimeiamini, mama."

Alasiri alimpigia katibu wa kikundi.

"Trekta litafika kesho," alisema.

"Saa ngapi?"

"Tutakuja polepole, mama, ule mteremko hatuuchezei."

"Nimeuliza saa ngapi."

"Saa nne."

"Saa nne nitakuwa shambani," alijibu katibu, akakata.

Kwa hiyo Ijumaa Bwana Futi hatapanda pikipiki. Ameshaomba nafasi kabini, kwenye kiti cha pembeni, na shemeji amemkubalia kwa sharti kwamba neno "mwendo" lisisikike njia nzima. Ekari mia moja na arobaini zikimalizika salama, anatumaini kulirudishia lori jekundu rangi yake, na kumpeleka shemeji kwa daktari mwingine auangalie ule mguu upya. Kabla ya hayo yote, anasema, atanunua mpira wa maji. Mkewe ameomba aandikiwe ahadi hiyo kwenye daftari, na imeandikwa.

Lakini kwanza kuna geti. Saa kumi na moja jioni lori jekundu na tela lake vimeegeshwa mtaani, haviwezi kulala nje na havina pa kuingilia, na watoto wa majirani wameanza kuzoea honi. Mkewe amehamisha miche safu mbili. Bwana Futi amesimama mbele ya nguzo aliyoijenga kwa mikono yake, nyundo kubwa iko begani, kipande cha chokaa mkononi.

Anatoa futi kamba mfukoni, anaiangalia, kisha anampa shemeji.

Shemeji anachechemea hadi ukutani, anaikaza kutoka kwenye nguzo hadi pale itakapohamia, anainama, anasoma.

"Futi tatu na inchi mbili."

Bwana Futi anaandika ukutani kwa chokaa, futi tatu na inchi mbili. Harudii kupima. Anatema mate viganjani na kuinua nyundo.